Somo: Mercedes 300D (W123) gia inapiga teke? Tafuta hewa inapovuja kabla ya kushusha giaboksi

Ndugu zangu wenye W123 za dizeli, hasa 300D ya silinda 5 yenye gia otomatiki, someni hili kabla hamjamruhusu fundi alegeze bolti hata moja.

Gari langu lilikuwa likitoka gia ya pili kwenda ya tatu linapiga teke mpaka abiria wa nyuma wanashika viti. Gereji niliyopeleka ikasema giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba. Niliomba siku mbili nijiridhishe. Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: nikizima ufunguo, injini inaendelea kunguruma kidogo ndipo inazimika. Jioni, injini ikiwa inanguruma, nikabonyeza loki ya mlango wa dereva na kutega sikio. Mlango wa nyuma kushoto ukatoa sauti: ssssss. Kile kikombe cha mpira kinachovuta loki kilikuwa kimepasuka. Nilikibadilisha, na teke likaisha siku hiyohiyo.

Sababu ni hii. Injini ya dizeli haivuti hewa kwa nguvu kama ya petroli, kwa hiyo Mercedes waliweka pampu ya vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, mbele ya injini. Pampu hiyo moja inahudumia breki, loki za milango, kuzima injini, na giaboksi. Giaboksi huitumia vakyumu kujua umekanyaga mafuta kiasi gani. Vakyumu ikipotea, giaboksi inaamini umekanyaga mpaka chini, inapandisha presha, na gia zinaingia kwa kishindo.

Hatua ya 1: Oili ya giaboksi. Endesha kama dakika 20 ipate moto, egesha pasipo mwinuko, weka P, vuta handibreki, injini iendelee kunguruma. Futa kijiti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha pima. Kati ya alama ya chini na ya juu ni lita 0.3 tu, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo. Ikijaa kupita kiasi inachapwa mpaka inatoa povu, na povu halisukumi gia. Inuse pia: nyekundu ni salama, nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi za ndani zimeliwa, na hapo somo hili halitakuokoa.

Hatua ya 2: Vakyumu. Hapa ndipo ukae muda mrefu. Azima geji ya vakyumu. Kwenye bomba nene linalokwenda kwenye breki, tegemea inchi 20 za zebaki au zaidi. Bomba hilo lina vitawi vyembamba vya plastiki. Chomoa cha loki za milango, ziba tundu, kisha endesha. Gia zikilainika, mwizi yuko milangoni. Zisiporekebika, rudisha na uendelee na kitawi kinachofuata. Bomba lenyewe la breki usilizibe hata kwa majaribio. Viungio vya mpira vikiwa vigumu kama plastiki, badilisha vyote. Ni bei ndogo.

Halafu pima kwenye hozi ya giaboksi yenyewe. Injini isipokanyagwa geji ionyeshe vakyumu, na ukikanyaga mafuta ishuke polepole kuelekea sifuri. Isiposhuka, au ikikosekana kabisa wakati bomba kuu ni zima, angalia vali ndogo iliyo juu ya pampu ya dizeli.

Hatua ya 3: Modyuleta. Ni kile kikopo cha chuma ubavuni mwa giaboksi ambamo hozi inaingia. Ingia chini ya gari likiwa juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Marekebisho yake yafanywe mwisho, baada ya kuziba uvujaji wote: zungusha kirekebishi chake nusu mzunguko, endesha, sikiliza. Kulia inakaza, kushoto inalainisha. Ukilainisha mno, gia zitateleza na kuunguza klachi, na teke dogo ni afadhali kuliko hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Langu oili ya gia inapungua lakini chini hakuna hata tone. Inakwenda wapi?

Jibu: Marahaba. Chomoa hozi ya modyuleta uichungulie. Ukikuta oili nyekundu ndani, kiwambo cha mpira kimechanika na pampu inainyonya oili kuipeleka kwenye injini. Badilisha modyuleta, safisha na hozi.

Swali: Kaka, mimi siyo teke. Gia zinachelewa kubadilika, injini inalia sana ndipo inapokea.

Jibu: Hiyo angalia kebo inayotoka kwenye mikono ya mafuta kwenda giaboksi. Ikikazwa sana, gia zinachelewa. Kagua pia vile vikombe vya plastiki vya viungo. Vikilika, kebo haivutwi sawasawa.

Swali: Fundi, jana limegoma ghafla kwenda mbele. Rivasi linakwenda vizuri. Ndiyo basi tena?

Jibu: Bado, dada. Soma namba iliyogongwa kwenye bodi ya giaboksi juu ya sampu, lile beseni la oili la chini. Ikianza na 722.3, mshukiwa wa kwanza ni pistoni ya B2, inayobana mkanda wa gia za mbele. Za zamani zilikuwa zinapasuka, na iliyoboreshwa inapatikana. Inabadilishwa giaboksi ikiwa mahali pake. Ukifungua sampu, tazama kilichotuama: ute mwembamba wa kijivu ni kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyong'aa vipige picha uniletee kabla hujanunua kitu chochote.