Mfundishe Mtoto Kumwandikia Bibi Barua

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Dodoma hadi nilipostaafu, na barua ya kirafiki ndiyo mada niliyoipenda kuliko zote. Siku hizi nawafundisha wajukuu wanaokuja kwangu Nkuhungu likizo ya Desemba. Wazazi wengi huanza na anwani na tarehe. Mimi huanza na mtu. Mtoto asipojua anamwandikia nani hasa, atajaza ukurasa kwa salamu za kukariri na habari haitakuwamo.

Kwa hiyo mtafutie mtu wa kweli atakayeipokea. Kwetu ni dada yangu aliyeko kijijini, wilaya ya Mpwapwa. Kabla mtoto hajashika kalamu, mwambie: "Bibi ameketi hapa. Msimulie yaliyotokea tangu aondoke." Wewe sikiliza, andika pembeni maneno yake yaleyale. Mjukuu wangu wa darasa la nne alianza na "sisi sote wazima", akanyamaza. Nilipomuuliza habari za mpapai aliotupandia bibi yake, maneno yakamtoka yenyewe. Nikamwambia hayo ndiyo ya kuandika.

Sasa ndipo muundo. Anwani ya mwandishi hukaa juu kulia, tarehe chini yake. Hapa watoto huteleza sana: huweka anwani ya anayeandikiwa. Waeleze sababu, kwamba bibi atatazama pale ili ajue ajibu wapi. Barua ya kirafiki ina anwani moja tu. Zile mbili na kichwa cha habari ni za barua rasmi, waache wakue kwanza.

Salamu nazo zina adabu yake. Mkubwa haandikiwi "habari yako", anaandikiwa "shikamoo". Kwa bibi wa Kigogo, "mbukwenyi" itamfurahisha zaidi. Salamu za zamani sizifuti, nazipenda, ila zisizidi mistari miwili. Barua ya mjukuu wangu ilitoka hivi:

"Mpendwa bibi,

Shikamoo bibi. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu. Ama baada ya salamu, ule mpapai uliotupandia umeliwa na mbuzi wa jirani. Amebakiza shina tu. Baba amelizungushia miiba na sasa yametoka majani mawili. Je, utazaa? Huko mvua imeshanyesha? Mama anaomba mbegu za maboga. Wasalimie wote.

Ni mimi mjukuu wako,"

kisha jina lake. Angalia: kuna habari, kuna maswali, kuna ombi. Maswali yasikosekane, maana ndiyo yanayomfanya bibi naye atafute kalamu.

Aandike rafu kwanza kwenye daftari. Makosa yasahihishwe humo, kisha anakili kwenye karatasi safi yenye mistari. Nakala safi usiiguse kwa kalamu nyekundu. Herufi moja ikipinda, iache ipinde. Wa darasa la kwanza achore, akutajie maneno, aandike jina lake mwenyewe chini.

Jambo moja mwambie mapema: barua ya kijijini husomwa kwa sauti. Bibi asiyeona vizuri humpa kijana wa nyumbani amsomee, na majirani waliopo husikiliza. Yasiyofaa kusikika mbele za watu yasiandikwe.

Bahasha: jina na anwani ya anayepelekewa katikati, stempu juu kulia, anwani yenu nyuma. Vijijini wengi hawana sanduku lao, hutumia la shule au la kanisa. Hapo andika jina la bibi, chini yake "Kupitia kwa Mwalimu Mkuu", jina la shule, S.L.P. na wilaya. Piga simu kwanza uhakikishe namba ya sanduku bado ni ileile.

Nenda na mtoto posta. Anunue stempu mwenyewe, aibandike, aitumbukize sandukuni kwa mkono wake. Ukimtumia bibi picha ya barua hiyo kwa simu, umeiua kabla haijafika.

Jibu likija, afungue yeye. Kisha akae nalo mezani, apige mstari chini ya kila swali aliloulizwa, na barua ya pili ianze kwa kuyajibu hayo.