Kuelekeza mwale wa sauti bila kugeuza chombo

Ukipanga vipaza sauti vidogo mstari mmoja na kuvichelewesha kidogo kidogo, sauti yao inaungana kuwa mwale unaoegemea upande unaoutaka. Nilimsaidia mwanafunzi mmoja ambaye mwale wake ulipasuka katikati hata pembe ikiwa sifuri, yaani ukielekezwa mbele moja kwa moja. Fomula zake zote zilikuwa sahihi. Kwa hiyo hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote, na usiiruke.

Kifaa ni transdusa nane (vipaza sauti vidogo vya ultrasaundi) za kHz 40, kipenyo mm 10, zimepangwa mstari mmoja zikigusana.

Hatua ya 1. Unga waya.

Hatua ya 2. Kokotoa ucheleweshaji kati ya transdusa na jirani yake:

t = d × sin θ ÷ c

Hapa d ni umbali kati ya vitovu, θ ni pembe unayotaka mwale uelekee, na c ni kasi ya sauti, m/s 343 hewani kwenye nyuzi joto 20. Kwa pembe ya digrii 20 unapata takriban mikrosekunde 10. Ya kwanza inaanza kwa 0, ya pili 10, ya nane 70, na mwale unaegemea upande wa zile zinazochelewa. Fomula ni hiyohiyo kwenye ultrasaundi ya hospitali (MHz 5, kasi m/s 1540, nafasi ya nusu wimbi), ila jibu ni nanosekunde 34. Kwenye antena ya GHz 10 (kasi ya mwanga, nafasi ya nusu wimbi) ni pikosekunde 17.

Hatua ya 3. Kutoa ucheleweshaji huo, tumia taima za ndani ya mikrokontrola, au FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe) kama unayo. Kuchelewesha kwa kitanzi cha programu sikupendekezi kabisa: katizo moja tu (prosesa ikiacha kitanzi kwa muda kushughulikia kazi nyingine) linavuruga kila kitu.

Hatua ya 4. Pima awamu ya kila transdusa, yaani wimbi lake liko sehemu gani ya mzunguko (mzunguko mzima ni digrii 360). Washa moja moja, maikrofoni ikiwa mita 1 mbele ya katikati ya safu. Osiloskopu (kifaa kinachochora ishara) ianze kuchora kwa ishara inayoendesha transdusa. Ukiianzisha kwa ishara ya maikrofoni, tofauti unayoitafuta inafutika. Tuma mizunguko mingi, kwa sababu transdusa hizi huchukua muda kufikia nguvu kamili, kisha soma sehemu iliyotulia, kabla mwangwi wa ukutani haujafika.

Angalia: transdusa za mwisho ziko mbali kidogo zaidi na maikrofoni, kama mm 0.6. Inaonekana si kitu, lakini ni digrii 26 za awamu. Itoe kwanza kwenye vipimo vyako.

Transdusa inayobaki na tofauti ya karibu digrii 180 imeungwa kinyume, hata kama alama yake inasema vingine. Za yule mwanafunzi zilikuwa nne, zote upande mmoja, ndiyo maana sauti ilijifuta katikati. Geuza waya. Tofauti ndogo zaidi zinatokana na resonansi (masafa ambayo transdusa hutetemeka kwa nguvu zaidi): hakuna transdusa mbili zenye kilele pamoja kabisa, na karibu na kilele awamu hubadilika haraka. Jaribu kHz 39 hadi 41, chagua masafa ambayo zinakubaliana zaidi, halafu weka marekebisho ya kila moja kwenye jedwali. Zikipata joto kwa volti kubwa, pima upya.

Hatua ya 5. Elekeza digrii 20, zungusha maikrofoni. Utakuta mwale wa pili karibu digrii 31 upande wa pili. Huo haurekebishwi kwa programu: wimbi lina mm 8.6, na nafasi ya mm 10 ni pana mno. Chapisha kwa printa ya 3D mirija inayosogeza midomo ya transdusa hadi nafasi ya mm 4 kati ya vitovu, kisha rudia hatua ya 4 mirija ikiwa imewekwa kwenye transdusa, maana nayo huongeza awamu yake.