Kabla hujalipia almasi: anza na mkato, siyo uzito

Wauzaji wengi hukutajia karati kwanza. Karati 1 ni gramu 0.2 tu, na namba hiyo peke yake haikwambii kama jiwe litang'aa. Linalong'arisha almasi ni mkato: mwanga uingie juu, ugonge nyuso za chini, urudi machoni mwako. Jiwe likiwa na kina kupita kiasi, mwanga huvujia chini na katikati panaonekana giza. Likiwa bapa mno, unaona duara la kijivu ndani yake, na hilo halifichiki hata usafishe vipi.

Kwa jiwe la duara, soma kwenye cheti: meza, yaani uso mkubwa wa juu, iwe asilimia 53 hadi 58 ya kipenyo, kina asilimia 59 hadi 62.5, pembe ya juu digrii 34 hadi 35, ya chini 40.6 hadi 41. Namba hizi ni za duara peke yake, usizipimie jiwe la umbo la yai au la mraba.

Mkato mbaya hutoka wapi? Kukata hula jiwe. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, ikakatwa ikabaki 23.6. Kwa kuwa bei huruka jiwe likifika karati 0.50 au 1.00, mkataji hushawishika kuacha kiuno, yaani ukingo unaozunguka jiwe kati ya juu na chini, kikiwa kinene ili uzito ufike. Kwa hiyo pima kipenyo: duara la karati 1 lililokatwa vizuri huwa na milimita 6.5 hivi. Ukikuta 6.1, unalipia uzito uliojificha chini. Afadhali karati 0.92 yenye mkato safi. Kidoleni tofauti haionekani, mfukoni inaonekana.

Rangi hupangwa kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano. Usiitazame chini ya taa kali za dukani. Lipindue jiwe juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha lisilopigwa na jua, ulitazame kwa ubavu. Pete ikiwa ya dhahabu ya njano, J inatosha. Kwa dhahabu nyeupe chukua G au H.

Usafi hukaguliwa kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Futa jiwe kwanza, maana vumbi humdanganya hata mzoefu. Weka lenzi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jiwe kwa kibanio mpaka lionekane wazi, kama sentimita 2.5 hivi. Pitia meza, halafu ubavu, halafu kiuno chote. Nukta nyeusi chini ya meza itakukera kila siku. Ikiwa pembeni, kucha ya pete, yaani kijiti cha chuma kinachoshikilia jiwe, huificha. Ufa unaofika kiunoni au kwenye ncha ya jiwe, achana nao: almasi haichubuki kirahisi, lakini ikigongwa vibaya inapasuka. Daraja la usafi la VS2 (dosari ndogo sana), mara nyingi hata SI1 (dosari ndogo), kwa macho matupu ni safi. Hakuna haja ya kulipia usafi unaoonekana kwa lenzi tu.

Kalamu ya kupima joto haitoshi kukuhakikishia kuwa jiwe ni almasi. Moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, huipita. Moisanaiti itazame kwa lenzi kwa mshazari: mistari ya nyuso za nyuma huonekana miwilimiwili. Almasi ya maabara ni almasi kweli, hivyo si lenzi wala kalamu itakayoitofautisha na ya ardhini; inahitaji mashine za maabara. Bei yake ni ya chini sana, basi hakikisha risiti imetaja asili ya jiwe.

Omba jiwe likiwa bado halijafungwa kwenye pete. Cheti kikiwa cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, ingiza namba yake kwenye tovuti ya taasisi hiyo mwenyewe, usioneshwe kwenye simu ya muuzaji. Linganisha uzito na vipimo. Mawe mengi yana namba hiyo imechongwa kwa leza kiunoni. Isome kwa lenzi.

Siku ya kuchukua pete, kagua tena kabla hujaondoka. Sonara akikandamiza kucha kwa nguvu, kiuno chembamba humeguka chini yake, na ukishatoka dukani ni vigumu kuthibitisha kilimegukia wapi.