Somo: Kulifufua na kulitunza trekta kongwe la bustani

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza kwa nini nakata nyasi na kulima kitalu kwa trekta lililotengenezwa kabla sijazaliwa, na madukani yamejaa mapya. Hili naweza kulifungua mwenyewe, nikaona linaumwa nini, nikalifunga likaondoka. Thamani yake kwangu iko hapo.

Ninaishi Louisville, Kentucky, mji wenye ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, na wengi wao wanalima lengalenga na mahindi katika viwanja vidogo. Trekta langu lilizaliwa mji huu huu. Ni Cub Cadet, iliyoanza kuundwa na kampuni ya International Harvester mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla biashara hiyo haijauzwa kwa kampuni ya MTD mwaka 1981. Langu ni modeli 122. Lina injini ya Kohler K301 ya silinda moja, nguvu za farasi 12, bloku ya chuma cha kusubu. Nguvu haifiki magurudumuni kwa mkanda. Inapita kwenye shafti, klachi na giaboksi nzito yenye asili ya Farmall Cub, trekta dogo la shambani. Kwa hiyo linavuta plau kweli kweli.

Hatua ya 1: Kabla hujatoa pesa

Weka gia huru, zungusha injini kwa mkono. Ikizunguka na ukahisi inakaza pistoni inapopanda kubana hewa, kuna uhai. Ikikwama kabisa, punguza bei au ondoka. Shika magurudumu ya mbele uyatikise. Yakicheza sana, pini za ekseli zimelika.

Kisha chungulia oili ya giaboksi. Maji huingia kupitia pale juu fimbo ya gia inapotokea, hasa trekta likiachwa mvuani miaka mingi. Ukikuta oili nyeupe kama chai ya maziwa, usikate tamaa, lakini ujue una kazi: mwaga yote, weka mpya aina ya Hy-Tran, oili ya giaboksi za matrekta haya, endesha siku chache, kisha mwaga tena. Mara moja haitoshi, maana maji hubaki kwenye vipembe vya ndani. Halafu badilisha raba ya kuziba pale kwenye fimbo, la sivyo mvua ijayo itakurudisha ulikoanza.

Hatua ya 2: Usalama

Chomoa betri na waya wa plagi kabla hujagusa kisu cha kukatia nyasi. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, inayoua bila harufu ya kukuonya. Na kumbuka matrekta ya umri huu mengi hayana swichi ya kiti inayozima injini ukianguka.

Hatua ya 3: Mafuta

Mwaga petroli ya zamani yote. Osha tangi, fungua bakuli la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), safisha matundu kwa dawa na hewa ya kompresa. Usiyachokonoe kwa waya mgumu, utayapanua. Badilisha mipira inayopitisha mafuta kutoka kwenye tangi: petroli ya Marekani kwa kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani huoza nayo.

Hatua ya 4: Cheche

Hapa ndipo wengi wanakimbilia fundi bila sababu. Kwenye Kohler hii pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, ziko nje ya injini, chini ya kifuniko kidogo. Kifungue. Zungusha injini polepole huku ukitazama, mpaka pointi ziachane kabisa. Pitisha kati yake fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya inchi 0.020, yaani nusu milimita. Inatakiwa ipite kwa kusugua kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyobanwa kitabuni. Ikiwa imelegea au haipiti, legeza skrubu, rekebisha, kaza, kisha pima tena, kwa sababu kule kukaza kwenyewe husogeza pointi. Futa kwa karatasi ngumu safi. Alama ya mafuta ya kidole chako inatosha kuua cheche.

Hatua ya 5: Oili ya injini

Hatua hii nimeijua kwa gharama. Trekta langu la kwanza nililiendesha kwenye mteremko kando ya mtaro, na sikuwa nimesoma kijiti cha oili. Injini hizi hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na shafti ya injini, kuna kijiko kinachochota oili na kuirusha juu. Oili ikipungua, na trekta likilala upande, kijiko kinachota hewa. Nilisikia mgongano mmoja mzito, kisha kimya. Niliposhuka nikaona tundu ubavuni mwa bloku, unaweza kupitisha kidole gumba, na oili inachuruzika kwenye nyasi. Konrodi ilikuwa imekatika.

Kwa hiyo: soma kijiti kila unapowasha. Majira ya joto tumia oili ya uzito wa SAE 30. Badilisha kila baada ya saa 25 za kazi, injini ikiwa ya moto. Na miteremko mikali iepuke hata oili ikiwa imejaa.

Hatua ya 6: Upepo

Injini inapozwa na hewa tu. Fungua bati la feni angalau mara moja kwa mwaka usafishe mapezi ya silinda. Panya hupenda kujenga humo wakati wa baridi. Kiota kimoja kikiziba, injini inajipika.

Grisi kwenye nipeli zote za mbele (vichwa vidogo vya kuingizia grisi), hewa ya matairi, na umemaliza.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Trekta langu linawaka vizuri, lakini baada ya dakika 20 linazima. Nikisubiri, linawaka tena.*

Marahaba. Likizima tu, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia linavuta pumzi na injini ikawaka papo hapo, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Lisiposaidia, pima cheche pale pale kabla halijapoa. Cheche ikiwa hakuna, shuku kondensa kwanza, kifaa kidogo kinacholinda pointi, ni ya bei nafuu, kisha koili inayozalisha umeme wa cheche. Vyote viwili huweza kugoma vikipata moto.

*Kaka, nilipake rangi mpya ili lipande bei?*

Mimi nisingepaka. Rangi ya kiwandani, ile njano na nyeupe, hata ikichakaa inaonyesha kwamba hakuna aliyeficha ufa. Mnunuzi anayejua atauliza giaboksi na konrodi kwanza. Pesa ya rangi nunua oili na matairi.

*Baridi ikifika nalihifadhi vipi?*

Badilisha oili kabla ya kulilaza, si baada. Maliza petroli, au weka dawa ya kuzuia isiharibike na uendeshe dakika chache ifike kwenye kabureta. Betri iweke ndani.

*Niko Njoro, Kenya, nina ekari 4. Niagize moja?*

Hapana, ndugu. Gharama ya meli na spea itakumaliza. Kwa ekari hizo tafuta Massey Ferguson 135 iliyotunzwa. Ina injini ya Perkins ya dizeli, silinda 3, na mafundi wa kwenu wanaijua vizuri. Ukaguzi wa oili na ekseli niliouandika hapo juu utakufaa pia.

*Mwanangu ana miaka 10, anataka kuliendesha. Nimruhusu?*

Usimruhusu, na usimpakate ukiwa kazini. Kisu kiko karibu mno na miguu. Lakini injini ikiwa imezimwa kuna kazi nyingi anazoweza. Wangu ndiye anayesoma kijiti cha oili. Anakifuta kwa kitambaa, anakichovya, anakiinua kwenye mwanga ananionyesha alama ilipofika, na mimi siwashi mpaka aseme.