Namna ya Kuandika Riwaya ya Fantasia ya Mjini Yenye Shujaa Asiyetaka Ushujaa

Ukitaka kuandika riwaya nyepesi ya fantasia ya mjini, yaani hadithi ambayo mambo ya ajabu hutokea katikati ya majengo, foleni za magari na bili za umeme, usianze kwa kubuni nguvu za shujaa wako. Anza na ratiba yake. Jiulize anaamka saa ngapi, anadaiwa na nani, haelewani na nani kazini, na ni jambo gani moja alilopanga kulimaliza kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu nguvu za ajabu huchekesha pale tu zinapomkuta mtu ana shughuli nyingine. Mwanamke asiye na la kufanya akipewa uwezo wa kuzungumza na wafu, msomaji ataona amepata bahati. Akipewa uwezo huohuo mwanamke mwenye mtihani wiki ijayo, hapo hadithi imeanza.

Tumtumie mhusika mmoja wa mfano, ambaye ni fundi wa lifti wa zamu ya usiku katika jiji lenye majengo marefu. Usiku mmoja anagundua kwamba marehemu waliokwama duniani humtii: akimwambia mmoja wao “shuka,” anashuka na haonekani tena. Fundi huyu hautaki uwezo huo hata kidogo, na riwaya nzima itasimama au kuanguka kutokana na jinsi utakavyouonyesha kutotaka kwake.

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika miswada ya aina hii ni kwamba shujaa hukataa kwa mdomo tu. Analalamika sura baada ya sura kwamba hakuomba jambo hili, huku miguu yake ikimpeleka kulekule mwandishi anakotaka aende, na kufikia sura ya tano msomaji amechoka naye. Joseph Campbell, mtafiti wa visasili kutoka Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1949, The Hero with a Thousand Faces, aliuweka ukataaji wa wito, yaani shujaa kukataa jukumu analoitiwa, miongoni mwa hatua za mwanzo za safari ya shujaa, hatua ambayo kwa kawaida hupitwa ili safari yenyewe iendelee. Katika riwaya ya ucheshi ninakushauri ufanye kinyume: uache ukataaji udumu karibu hadi mwisho, ila ubadilike umbo kila mara, na kila umbo jipya lizae matatizo mapya. Mara ya kwanza fundi wetu anajifanya hasikii sauti, na marehemu aliyepuuzwa anaikwamisha lifti kati ya ghorofa ya nne na ya tano ikiwa na watu ndani. Mara ya pili anajaribu kumkabidhi kazi hiyo mtu mwingine, mganga anayejinadi kuwa bingwa wa mizimu, na anagundua kuchelewa kwamba bingwa huyo hajawahi kuona hata mmoja. Mara ya tatu anaandika barua rasmi ya kujiuzulu, akaibandika kwenye mlango wa chumba cha mitambo, na kesho yake anakuta imejibiwa kwa mwandiko wa karne iliyopita. Kipimo chake ni rahisi: chukua mswada wako, futa kila mahali ambapo shujaa anakataa, kisha soma upya. Hadithi ikiendelea vizuri bila kukataa huko, basi kukataa kwake kulikuwa pambo.

Sababu ya kukataa nayo iwe ya maana kiasi kwamba msomaji akubaliane nayo. “Mimi si mtu wa pekee” haitoshi, kwani kila mtu anajua kwamba mwandishi amekwisha kumteua. Fundi wetu ana mtihani wa daraja la juu baada ya wiki tatu, ameufeli mara mbili, na usiku ndio muda wake pekee wa kusoma. Hiyo ni sababu ambayo mtu yeyote aliyewahi kurudia mtihani ataiheshimu.

Nguvu zenyewe zinahitaji gharama. Mwandishi Brandon Sanderson aliwahi kueleza, mwaka 2007, kanuni ambayo waandishi wengi wa fantasia wameikubali, kwamba uwezo wa mwandishi wa kutatua mgogoro kwa uchawi hutegemea jinsi msomaji anavyouelewa uchawi huo. Ninaongeza kwamba ndivyo ilivyo kwa kichekesho pia, kwa sababu hatuwezi kucheka sheria ikivunjwa kama hatukuambiwa kuna sheria. Kwa hiyo mapema, si baada ya sura ya tatu, msomaji aelewe kwamba kila marehemu anayeshushwa humwachia fundi kiporo, yaani jambo moja ambalo marehemu hakulimaliza, na fundi hatapata usingizi mpaka alimalize yeye. Viporo vya kwanza viwe vidogo na vya kuchekesha: kitabu cha kurudisha maktaba baada ya miaka thelathini, sufuria ya jirani, mchezo wa drafti ulioachwa katikati na mpinzani ambaye bado anasubiri zamu yake. Kisha, msomaji akishazoea kucheka, mletee kiporo kizito. Mama mmoja anashuka, na anachoacha ni msamaha aliotaka kumwomba binti yake. Sheria ni ileile, gharama ni ileile, lakini safari hii hakuna anayecheka, na kwa mara ya kwanza fundi hajui kama anataka kukataa.

Jiji lenyewe lisiwe pazia la nyuma. Tangu siku zake za awali utanzu huu umeegemea mahali panapojulikana. Riwaya ya Emma Bull ya mwaka 1987, War for the Oaks, ilimwingiza mwanamuziki wa roki katika vita vya viumbe wa ngano ambavyo hakuviomba, na ilifanya hivyo ndani ya jiji halisi la Minneapolis, Marekani. Jiulize kama hadithi yako ingeweza kuhamia msituni bila kupoteza kitu. Marehemu wetu hawawezi kuhamia, maana wamekwama katika mashimo ya lifti.

Kuhusu ucheshi, nafsi ya kwanza hukusaidia sana, kwa kuwa msomaji husikia mawazo ambayo shujaa hathubutu kuyatamka. Usihangaike kubuni vichekesho, bali gonganisha lugha mbili, ile ya kizimwi iliyojaa fahari na ile ya mtu wa kazi:

“Mimi ndimi mtawala wa giza la miaka elfu saba!” sauti ilinguruma kutoka shimoni.

“Una kilo ngapi?”

“Nini?”

“Lifti hii inabeba watu 8, kilo 630. Giza lako likizidi hapo, panda ngazi.”

Angalia kwamba fundi hatanii. Anafanya kazi yake, na takwimu anayoitaja ni ya kweli kwa lifti za ukubwa huo. Maarifa halisi ya kazi huchekesha kuliko mzaha wa kutunga, kwa hiyo isome vizuri kazi ya shujaa wako kabla hujaandika. Hatari nayo iwe hatari kweli. Shujaa anaweza kutania kwa sababu anaogopa, lakini utani wake usimwondolee msomaji hofu.

Mapenzi ukiyataka yaweke, usipoyataka yaache. Kuhusu urefu, wachapishaji wa Kiingereza huzungumzia maneno kati ya 80,000 na 100,000, ila Kiswahili hubana mengi ndani ya neno moja, na “sikumshusha” peke yake ni sentensi nzima, hivyo usirefushe mswada kwa ajili ya kufikia hesabu hiyo.

Mwishoni shujaa asigeuke ghafla kuwa mtu anayeipenda kazi hii. Mpe nafasi ya kuikubali kwa masharti yake mwenyewe: fundi wetu atawahudumia marehemu usiku wa Jumanne na Alhamisi tu, na si katika wiki ya mtihani. Ukirudi kuhariri, pigia mstari wa rangi kila mahali anapokataa, panga mistari hiyo kwa mfuatano, na ukikuta miwili inayofuatana inafanana, kata mmoja.