Siku zako za kwanza Ujerumani: anza na sanduku la barua

Kila mwaka mwishoni mwa Septemba, muhula wa baridi unapokaribia, huwa nakwenda stesheni ya Würzburg kupokea vijana wanaokuja kusoma. Mji huu na Mwanza ni miji ndugu tangu 1966, na mimi nimetokea Mwanza, kwa hiyo sikubali mgeni wa kwetu ashuke na mabegi yake bila mwenyeji. Njiani wananiuliza baridi ikoje, ugali unapatikana wapi. Mimi huwauliza jambo moja tu: je, jina lako litakuwa mlangoni leo? Hebu nikueleze kwa mpangilio ule ule ninaoufuata nao.

Hatua ya 1: Jina kwanza, usingizi baadaye

Nyumba nyingi za ghorofa huku hazina namba za milango. Mtu wa posta anasoma majina kwenye masanduku na kwenye kengele. Asipoliona lako, barua inarudi ilikotoka. Na karibu kila kitu chako kitakuja kwa barua: kadi ya benki, namba yake ya siri ndani ya bahasha nyingine, kadi ya bima, namba ya mlipakodi. Mwaka wangu wa kwanza nilisubiri namba ya siri wiki tatu nzima, nikila kwa kukopa. Kumbe barua ilikwisha kurudishwa mara mbili, maana sanduku lilikuwa bado na jina la mpangaji aliyehama.

Andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile unaloitwa nyumbani. Sisi wenye majina matatu ndipo tunapojichanganya: cheti cha shule kinaishia kwa baba, pasipoti inaishia kwa babu. Amua siku hiyo hiyo kufuata pasipoti, kisha usibadilishe kwenye fomu yoyote. Karatasi na gundi vinatosha kwa kuanzia. Kibandiko cha kudumu mwombe mwenye nyumba.

Hatua ya 2: Jiandikishe makazi

Hii inaitwa Anmeldung, na sheria inakupa wiki mbili tangu siku uliyohamia. Unakwenda ofisi ya wakazi ya mji, ambayo kwingine huitwa Bürgerbüro na kwingine Bürgeramt. Chukua pasipoti yenye viza na karatasi iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, ambayo mwenye nyumba anaisaini kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake. Idai siku unayopewa funguo, kabla mwenye nyumba hajasafiri. Miadi nayo hujaa upesi, hivyo iombe mtandaoni mara tu unapojua anwani yako, hata kama bado uko nyumbani. Ikiangukia baada ya zile wiki mbili, tunza uthibitisho wa siku uliyoiomba.

Kwenye fomu utaulizwa dini. Wengi wetu tunajaza Mkatoliki au Mlutheri bila kufikiri, kama tunavyojaza kwetu. Jibu ukweli, lakini ujue maana yake: hapa makanisa haya hukusanya kodi kupitia serikali. Siku utakapopata kazi ya kulipa kodi ya mapato, utakatwa nyongeza ya asilimia 8 ya kodi hiyo huku Bavaria, na asilimia 9 katika majimbo mengi mengine. Nimeona watu wakishangaa hati ya mshahara miaka miwili baadaye. Afadhali ulijue mapema.

Utatoka na karatasi ya makazi, iitwayo Meldebescheinigung. Ipige picha, toa nakala, weka ya awali pamoja na pasipoti.

Hatua ya 3: Benki na bima

Fedha ya akaunti maalumu uliyoweka kwa ajili ya viza, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, haiji yote kwa mpigo. Unapewa euro 992 kwa mwezi, na mara nyingi hufunguliwi mpaka upeleke karatasi ya makazi na namba ya akaunti ya kawaida hapa Ujerumani. Ndiyo maana nasema hatua ya 2 ikichelewa, tumbo linachelewa pia. Njoo na fedha za kando za kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza, chakula na dhamana ya nyumba, ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu. Bima ya afya usiiache nyuma, maana bila uthibitisho wake chuo hakikusajili. Aliye chini ya miaka 30 anaweza kuingia bima ya umma kwa kiwango cha mwanafunzi.

Hatua ya 4: Jifunze saa upya

Hapa ndipo Mswahili anapopotea kuliko mahali pengine. Barua ikisema 14:30, toa sita: saa nane na nusu mchana. Ikisema 19:00, toa sita, kisha toa kumi na mbili: saa moja usiku. Hilo ni jepesi. Tatizo ni mdomo. Mjerumani akikuambia "halb drei", neno kwa neno amesema nusu ya tatu, lakini anamaanisha nusu kabla ya kufika tatu yao, yaani 14:30 ile ile. Aliyezoea Kiingereza anasikia saa tatu u nusu ya Kizungu, anafika saa nzima baadaye, na miadi yake imeshafutwa. Mwombe akuandikie kwa tarakimu, kila mara. Hakuna atakayekasirika.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Kabla ya hapo nyumbani wanakutangulia saa moja, baada yake saa mbili. Mweleze mama mapema asije akashindwa kulala akisubiri simu.

Hatua ya 5: Nunua chakula kabla ya Jumapili

Jumapili maduka yamefungwa, na tarehe 3 Oktoba pia, ni sikukuu ya taifa. Huku Bavaria siku za kazi mengi hufunga saa mbili usiku. Ukifika Jumamosi jioni, pitia dukani kabla hujafungua begi. Sembe nyeupe iko kwenye maduka ya Waafrika, ya njano kwa Waturuki. Mimi nimeizoea ya njano, inashika vizuri. Chupa nyingi za plastiki usizitupe: mashine ya dukani inakurudishia senti 25 kwa kila moja.

Hatua ya 6: Viza isikuishie mkononi

Viza uliyoingia nayo ni ya miezi michache. Peleka maombi ya kibali cha ukaazi kwenye ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kabla haijaisha. Ukiwahi, na uamuzi ukachelewa, wanakupa karatasi ya muda inayolinda haki yako ya kukaa. Ukichelewa hata siku moja, unaanza kujieleza.

Na barua zikianza kuja

Fungua kila moja siku hiyo hiyo, hata kama huelewi; tumia programu ya kutafsiri kwenye simu. Ile ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, si utapeli, hata kama huna televisheni. Lakini inalipwa mara moja kwa nyumba, hivyo waulize unaoishi nao kama yupo anayelipa, uombe namba yake ya ada hiyo, uwajibu nayo waliokuandikia. Na ukikuta bahasha ya njano yenye tarehe iliyoandikwa na mtu wa posta, usiitupe bahasha yenyewe: siku zako za kujibu zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.