Jinsi ya Kubaki Mitandaoni Bila Kujiona Duni

Mwanamke anayejiona duni kila anapofungua simu huambiwa aiache mitandao. Ushauri huo haumfai muuza vitenge wa Kariakoo anayetafutwa na wateja Instagram, wala mwanakamati wa sendoff ambaye michango na vikao vyote hupitia kundi la WhatsApp. Mwongozo huu ni wa yule atakayebaki humo.

Kwanza chunguza ni kurasa za nani zinazokuondolea raha. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake, hasa wale anaowaona kuwa wa hali kama yake. Ndiyo maana mwigizaji wa Hollywood huenda asikuumize hata kidogo, ilhali mliyesoma naye sekondari akakunyima usingizi kwa picha za nyumba yake mpya. Mnyamazishe, hata akiwa wifi yako. Katika Instagram, fungua ukurasa wake, bonyeza panapoonyesha kwamba unamfuata, kisha unyamazishe picha na stori zake; kwa status za WhatsApp, bonyeza jina lake kwa muda hadi chaguo hilo litokee. Yeye hatajua, tofauti na kuacha kumfuata, jambo ambalo huweza kugundulika na kuzua maneno.

Pili, irekebishe programu yenyewe, kwa kuwa hupima zaidi ulichokitazama kuliko ulichokipenda. Ukiikodolea macho video ya mkorogo, hata kwa hasira, utaletewa nyingine za aina hiyo. Katika TikTok, ibonyeze video kwa muda, uchague kwamba haikuvutii. Instagram nayo, tangu mwaka 2021, inaruhusu kuficha idadi ya waliopenda picha.

Suala la sura linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu filta nyingi hulainisha ngozi, huchonga pua na kung'arisha rangi kwa mguso mmoja, na anayezizoea huanza kuikataa sura yake mwenyewe kabla hata hajamwonea wivu mwingine. Norwei, tangu mwaka 2022, inalazimisha picha za matangazo zilizobadilishwa umbo au ngozi ya mtu ziwekwe alama. Pasipo alama hiyo, jifunze kukagua: tazama ukingo wa mlango au mistari ya vigae nyuma ya kiuno, kwani ikipinda, huenda kiuno kimehaririwa; na ngozi isiyo na kinyweleo wala kivuli huenda imepitia filta. Ukijipiga picha, zima filta kabla ya kupiga, kwa maana ukishajiona umesahihishwa ni vigumu kuipokea picha ya kawaida.

Kipodozi ulichokiona mtandaoni usikinunue siku hiyohiyo. Mwombe muuzaji orodha ya viambato. Zebaki, ambayo hudhuru figo, na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ni marufuku katika vipodozi Tanzania. Krimu iliyopakuliwa kwenye kopo lisilo na lebo iache, hata ngozi ya muuzaji ikiwa inavutia namna gani.

Kuhusu maisha ya watu, kumbuka tu kwamba picha ya sherehe haionyeshi gauni la kukodi wala mkopo wa kikoba.

Ukiona umeanza kuruka milo ili upungue, au huzuni imezidi wiki mbili, nenda hospitali ukamweleze daktari waziwazi, pamoja na yale unayoyatazama kwenye simu.